Ukurasa wa Kumi na Nne

Kibanda changu kiko nje ya geti la chuo, hapa Arua,
upande wa wakaanga chapati.
Mashine mbili: moja nzima, moja mgonjwa wa kudumu,
na jenereta ninayoiita Baba Mkwe
kwa sababu haiamki bila kubembelezwa.

Nilikuwa natoa nakala kivuli, shilingi mia kwa ukurasa,
mpaka Ezaru alipoingia, fimbo nyeupe ikigusa ndoo,
ikigusa benchi, ikigusa kidole changu cha mguu.
"Hiki ni kiti?"
"Hiki ni mimi."
Tukacheka, ndipo akatoa simu.

Muhula mzima wa somo la udongo, faili ishirini na tatu,
na ile sauti ya simu, yenye haraka ya dalali wa mnada,
ikazifungua, ikasema:
Picha.
Picha.
Ukurasa wa kumi na nne: picha.

Nikatazama. Haikuwa picha.
Yalikuwa maneno, maneno matupu,
yamepigwa skani yakiwa yamelala ubavu,
na kidole gumba cha mtu pembeni
kimefunika nusu ya neno "rutuba".
Kivuli cha kivuli cha kitabu
ambacho mwenye kidole, nadhani, ameshastaafu.

"Wenzangu hunisomea," akasema, "wakipata nafasi,
na nafasi yao ni usiku wa kuamkia mtihani.
Wanasoma mbio. 'Hapa kuna jedwali tu,' wananiambia.
Hilo 'tu' ndilo lililonifelisha mwaka jana."

Nikaanza kuchapa, mimi niliyeishia kidato cha pili.
Mboji, mfinyanzi, changarawe.
Kila kichwa cha habari nikakipa cheo chake,
si kukikoleza wino tu, maana wino haumfikii;
sauti lazima ijue hapa ni mlango, hapa ni ukumbi,
la sivyo kila siku ataingia nyumbani kwa dirishani.

Kisha mchoro. Niliukalia siku mbili.
Mtu unamwambiaje mstari?
Niliandika: "Mstari unaopanda na kushuka."
Nikafuta. Lilikuwa "tu" jingine.
Nikaandika:
Mwaka wa kwanza baada ya kufyeka, muhogo magunia kumi na mawili.
Wa pili, tisa.
Wa tatu, manne.
Wa nne, shamba limelazwa, hakuna kitu.
Wa tano linaamka: saba.

Vidole vikagoma kwenye kibodi.
Magunia manne nilikuwa nayajua.
Niliyahesabu mwenyewe uani kwetu Vurra,
mama akiyahesabu tena kana kwamba nimekosea,
na Jumatatu yake sikwenda shule.
Kumbe tulikuwamo humo siku zote,
ukurasa wa kumi na nne, hatukuambiwa.

Dakta Alionzi alikuja amekunja uso:
"Nani kakuruhusu kugusa maandishi yangu?"
Nikamwomba afumbe macho. Nikabonyeza simu.
Alivumilia picha tisa.
Wiki iliyofuata akaleta flashi: nusu ya masomo
alikuwa nayo siku zote, yamechapwa, yanasomeka;
aliyatoa kwenye karatasi ndipo akayapiga skani,
kwa mazoea.
Nusu nyingine bado hunitumia ubavu ubavu,
ila kidole ameondoa.

Sasa hata Ayiko, anayeona mpaka nzi juu ya mnara,
huja kuomba faili za Ezaru:
ni nyepesi, hazimli bando,
na anazisikiliza akifua.

Siku nilipomaliza, Baba Mkwe alikuwa amelala,
simu ya Ezaru ina chaji kidogo.
Aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho,
akarudisha nyuma.
Linaamka: saba.
Akarudisha tena.

"Na mwaka wa sita?"
"Mchoro unaishia hapo," nikasema.
"Basi andika hivyo," akasema.
"Andika: mchoro unaishia hapo."